Pima nyoka kwanza, ndipo umpimie panya

Maswali ya wasomaji kuhusu nyoka wa mahindi

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: chakula. Nyoka anayezungumziwa ni nyoka wa mahindi, kwa jina la kisayansi Pantherophis guttatus, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, huua windo kwa kulizonga na kulibana. Akikomaa hufika sentimita 90 hadi 150, na akitunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo anayemnunulia mtoto wa darasa la nne ajue nyoka huyo huenda akawapo mtoto akimaliza chuo. Mahindi yenyewe hayali. Tumbo lake lina miraba myeusi na myeupe inayofanana na punje za mahindi ya rangi mchanganyiko, na wakulima wa kwao walizoea kumkuta kwenye ghala za mahindi, alikofuata panya.

Swali: *Nimepewa nyoka wa mahindi mdogo, mwembamba kama penseli. Aliyenipa alisema tu "mpe panya mmoja kila wiki." Panya wa ukubwa gani? Na hiyo kila wiki ni mpaka lini?* — Mgeni wa Mambo, Kilimani

Jibu: Shauri hilo si baya nyoka akiwa mchanga. Likifuatwa mpaka nyoka afike miaka minne, linamjaza mafuta mwilini na kwenye ini. Nyoka hana adabu ya kukataa kwa sababu ameshiba. Huko porini hajui lini atapata kingine, hivyo ukimpa atameza. Wewe ndiye wa kusema basi.

Kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya kasha zuri, ni mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Sokoni Kamukunji zimejaa. Kwa nyoka wa gramu 7 au 8 tafuta ile ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama za masonara, kwa sababu kosa la gramu moja kwake ni kubwa. Weka bakuli tupu lenye kifuniko juu ya mizani, rudisha hesabu kwenye sifuri, kisha mweke nyoka ndani. Mpime kabla ya kumlisha, kamwe si baada. Mdogo mpime kila wiki mbili, mkubwa mara moja kwa mwezi. Chukua daftari uandike tarehe, uzito wa nyoka, uzito wa panya, kama amekula au amekataa, siku aliyojivua gamba na siku aliyokunya. Daktari wa mifugo akimwona nyoka wako, daftari hilo litamwambia mengi kuliko wewe.

Panya tunaowazungumzia ni wale wadogo weupe wa maabara, si panya buku. Wafugaji huwagawa kwa umri. Vichanga ni wale wa siku moja hadi nne, wekundu wasio na manyoya, gramu 1.5 hadi 3. Wenye vinyweleo ni wa siku tano hadi tisa hivi, gramu 4 hadi 7. Warukaji ni wale waliofungua macho na kuanza kurukaruka, gramu 8 hadi 12. Walioachishwa kunyonya wana gramu 13 hadi 18, na wakubwa ni gramu 20 kwenda juu.

Sasa vipimo. Nyoka wa chini ya gramu 15 apewe kichanga mmoja mdogo kila baada ya siku tano hadi saba. Hapo panya anaweza kufika robo ya uzito wa nyoka, na si kosa lako: panya wa chini ya gramu moja na nusu humpati, na kichanga ni laini, mwili wake mwingi ni maji. Akiwa na gramu 16 hadi 30, mpe panya wa gramu 3 au 4 kila wiki. Gramu 31 hadi 60, panya wa 5 hadi 7 kila wiki. Gramu 61 hadi 100, mrukaji wa 8 hadi 11, kila siku saba au nane. Kutoka gramu 100 hadi 200, panya wa 12 hadi 18 kila siku kumi. Kutoka 200 hadi 400, panya wa 20 hadi 25 kila siku 12 hadi 14. Akipita 400 na urefu umesimama, panya mmoja wa gramu 25 hadi 35 kila wiki mbili au tatu anatosha.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba jinsi nyoka anavyokua ndivyo fungu linavyopungua: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake akiwa anakua, kisha 5 hadi 8 akiwa mtu mzima. Wengi hukosea hapo, wanamwongezea panya na kumwachia ratiba ile ile ya utotoni.

Ukubwa uupime kwa macho pia. Panya asizidi mara moja na nusu ya sehemu nene ya mwili wa nyoka. Akishameza, uvimbe uonekane kidogo na upotee ndani ya siku moja au mbili. Kila miezi miwili mtazame umbo lake kana kwamba umemkata katikati. Mwenye afya ana umbo la mkate wa silesi: bapa chini, mviringo juu. Akiwa na mgongo uliochongoka kama paa la mabati, amekonda. Akiwa mviringo kama bomba, ngozi inaonekana kati ya magamba hata akiwa amelala amenyooka, na mkia unaanza ghafla baada ya tumbo nene, amenenepa. Aliyenenepa usimnyime chakula kwa mkupuo. Mwongezee siku kati ya mlo na mlo, na umpe panya wa daraja moja chini.

Swali: *Nyoka wangu wa gramu 90 ametapika panya mara mbili mwezi huu wa Julai. Panya alitoka karibu mzima, ananuka sana. Nilimpa mwingine siku iliyofuata asikae na njaa, naye akatoka. Mwenye duka anasema ni minyoo.* — Baba Pacha, Kasarani

Jibu: Baba Pacha, minyoo inawezekana, lakini kabla ya kuishtaki angalia kipimajoto. Nyoka hajitengenezei joto la mwili. Joto la mahali alipo ndilo jiko la tumbo lake, na jiko likizimika panya anaoza ndani badala ya kumeng'enywa. Gesi inajaa, nyoka anamtoa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai nje hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Ndani ya nyumba ya mawe, nyuzi 17 au 18 ni kawaida. Wewe unajifunika blanketi mbili; yeye ana karatasi za gazeti.

Anachohitaji ni kasha lenye pande mbili. Upande wa moto, sakafu pale anapolaza tumbo iwe nyuzi 29 hadi 32. Upande wa baridi uwe nyuzi 22 hadi 25. Usiku upande wa moto ukishuka kidogo hakuna neno, mradi hana panya tumboni. Kila upande uwe na maficho yake, kwa sababu nyoka mwenye maficho upande wa baridi tu atachagua usalama aache joto, kisha chakula kitamlemea.

Joto lipatikane kwa mkeka wa umeme wa kupasha joto, uliowekwa chini ya theluthi moja ya sakafu ya kasha, nao upite kwenye thamostati, kifaa kinachouzima na kuuwasha joto lisizidi. Usiuunganishe moja kwa moja na soketi. Mkeka usio na thamostati unaweza kupita nyuzi 45 na kumchoma tumbo, naye huenda asiondoke upesi. Ncha ya thamostati uibandike kati ya mkeka na sakafu ya kasha, uiweke nyuzi 32 au 33. Kisha kipimajoto cha pili, cha dijitali chenye waya, kilazwe ndani ya maficho ya upande wa moto. Hicho ndicho cha kuamini. Kile cha mviringo kinachobandikwa kwenye kioo hupima hewa ya ukutani, nacho kimewadanganya wengi. Halafu usiweke matandiko mazito juu ya mkeka: yakizidi sentimita 2 joto linabaki chini, na nyoka yuko juu.

Sababu nyingine za kutapika ni panya mkubwa mno, panya ambaye barafu haijaisha katikati, na kumshika nyoka kabla ya saa 48 kupita tangu ale. Watoto wakitoka shule Ijumaa na nyoka alilishwa Alhamisi, asitolewe mpaka Jumamosi jioni.

Kosa lililokuzidishia ni kumlisha siku iliyofuata. Panya akitoka hivyo hutoka na asidi ya tumbo na bakteria wanaomsaidia nyoka kumeng'enya chakula, na koo linabaki na michubuko. Fanya hivi: safisha kasha lote, weka maji safi, rekebisha joto, kisha usimlishe wala usimshike kwa siku 10 hadi 14. Baada ya hapo mpe panya wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Kwa nyoka wako wa gramu 90 ni mwenye vinyweleo wa gramu 4 au 5. Akikaa naye, ngoja siku kumi tena, umpe wa ukubwa huo huo. Mlo wa tatu ndio uanze kupanda. Atapungua gramu kadhaa katikati, na hilo halimuui. Kutapika mara ya tatu na ya nne ndiko kunakoua.

Akitapika tena ilhali joto liko sawa, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia, ubebe kinyesi kibichi na kile alichotapika ndani ya mfuko uliofungwa. Ukihisi uvimbe mgumu katikati ya mwili usiopotea, usichelewe. Kuna kimelea kiitwacho Cryptosporidium serpentis kinachonenepesha ukuta wa tumbo la nyoka, na nyoka mwenye kimelea hicho atengwe na wenzake kabisa.

Na stima? Kenya Power hutangaza maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo. Soma orodha hiyo kabla ya kuyeyusha panya. Umeme ukipotea ghafla na nyoka amekula, jaza chupa ya plastiki maji ya moto yanayovumilika kwa mkono, ifunge kwa taulo, ilaze upande wa moto ndani ya kasha, funika kasha kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa. Badilisha maji kila baada ya saa mbili au tatu.

Swali: *Mwanangu anapenda kumwona nyoka akikamata panya hai. Si ndiyo maumbile?* — Mzazi, Lang'ata

Jibu: Porini panya ana pa kukimbilia. Ndani ya kasha hana, kwa hiyo huuma. Panya mkubwa aliyeachwa usiku na nyoka asiye na njaa anaweza kumtafuna mgongo mpaka mfupa, na jeraha la jicho halirudi. Panya aliyekufa tayari, akagandishwa na kuyeyushwa, humlisha nyoka sawasawa bila hatari hiyo wala mateso kwa panya. Mwanao bado ataona: nyoka humrukia na kumzonga hata aliyekufa, ukimtikisa kidogo.

Jinsi ya kuyeyusha ndiyo inayowashinda watu. Usiku wa kuamkia siku ya mlo, mtoe panya kwenye friza umweke kwenye friji, ndani ya mfuko uliofungwa, rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo ambacho hakitarudi tena kwenye chakula cha watu. Kichanga yeye saa moja au mbili zinatosha. Jioni, tumbukiza mfuko kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45, yale ambayo mkono unavumilia, kwa dakika 10 hadi 20. Yakipoa, badilisha. Bonyeza tumbo la panya kwa kidole: likiwa gumu katikati, barafu bado ipo. Mwisho awe na joto la mwili, nyuzi 38 hivi, kichwa kikiwa na joto kuliko mwili. Mpanguse akauke, ndipo matandiko yasimgande. Mkamate kwa koleo refu la sentimita 25 hadi 30, nyuma ya mabega, umtangulize kichwa. Usitumie vidole, mkono wenye joto na harufu ya panya ni panya.

Maji yanayochemka hupika nje na kupasua tumbo. Maikrowevu hufanya hivyo hivyo, na harufu yake jikoni hutaisahau. Panya aliyebaki asubuhi tupa. Usimgandishe tena.

Nyoka wa mahindi huwinda zaidi machweo na usiku, kwa hiyo saa moja au saa mbili za jioni zinafaa. Mkishamaliza, kila aliyegusa panya, nyoka au kasha anawe mikono kwa sabuni. Reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano nyumbani tunawashauri wasimfuge kabisa.

Swali: *Panya wamejaa stoo yetu hapa Kayole. Mbona ninunue?* — Mwanafunzi

Jibu: Kwa sababu jirani ameweka sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda na huua polepole, kwa siku kadhaa, na katika siku hizo panya anatembea mpaka kwenu. Nyoka akimmeza, ameimeza na sumu. Wale waliokosa sumu wana viroboto na minyoo. Kuwagandisha kunaua baadhi ya vimelea, lakini sumu haigandi ikaisha.

Swali: *Nikifuga panya mwenyewe nitaokoa pesa?* — Mpenda Hesabu, Rongai

Jibu: Tufanye hesabu hiyo. Nyoka mkubwa mmoja anayekula kila wiki mbili anamaliza panya 26 kwa mwaka. Dume mmoja na majike wawili ndani ya boksi la sentimita 40 kwa 25 wanaweza kukupa idadi hiyo kwa miezi miwili. Mimba ya panya ni siku 19 hadi 21, kila uzao ni watoto 6 hadi 12, wanaachishwa kunyonya siku ya 21, na wakifika wiki sita hadi nane wanaweza kushika mimba wao. Tena jike anaweza kushika mimba ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Kila panya anakula gramu 4 hadi 5 kwa siku, na mkojo wa dume una harufu ambayo mwenye nyumba wako ataigundua kabla hujaigundua wewe.

Kwa nyoka mmoja, basi, hapana, nunua waliogandishwa. Kwa wafugaji watatu au wanne walio karibu, wakichanga fedha na mmoja mwenye kibanda nje akalea, ndiyo. Chakula kiwe vidonge vya panya wa maabara vyenye protini asilimia 18 hadi 20; vile vya sungura mara nyingi huwa chini ya hapo, na majike wanaonyonyesha hudhoofika na hata kula watoto wao. Mtenge dume jike anapovimba, usije ukawa na panya 200 kufikia Krismasi.

Matandiko yao, na ya nyoka vilevile, yaangalie. Maranda yanayouzwa kwa wafuga kuku Nairobi mara nyingi yana saiprasi na mwerezi. Harufu ile nzuri ya mwerezi ni mafuta yanayoudhi mapafu ya wanyama wadogo na ya nyoka. Karatasi za gazeti au tishu za jikoni ni duni kwa sura lakini ni salama, tena zinakuonyesha kinyesi na matapishi papo hapo.

Kuwaua panya usijifunze kwa kubahatisha, na kumtia panya hai kwenye friza ni ukatili mtupu. Mwombe daktari wa mifugo akufundishe njia ya haraka. Wakishakufa, wapange kwa uzito ndani ya mifuko, toa hewa, andika tarehe, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, utumie ndani ya miezi sita.

Anayenunua naye aulize panya walilishwa nini, waligandishwa lini na wana gramu ngapi kila mmoja. Muuzaji asiyejua gramu anakuuzia kwa kukisia. Panya mwenye tumbo la kijani au anayenuka mara tu barafu inapoisha asiingie kwenye kasha.

Swali: *Nyoka wangu hajala wiki tatu na macho yamekuwa meupe kama maziwa. Ameanza kupofuka?* — Dada wa Eastleigh

Jibu: La, dada yetu, anajiandaa kujivua gamba. Macho hufifia kwa siku kadhaa, kisha yanang'aa tena, na siku tatu hadi tano baadaye anajivua. Shughuli nzima huchukua wiki moja au mbili. Wakati huo haoni vizuri na wengi hukataa chakula, usimsumbue. Mwekee kiboksi chenye tundu na tishu iliyoloweshwa ndani, unyevu wa kasha ukae karibu asilimia 60, kisha hakikisha gamba limetoka zima, pamoja na vifuniko vya macho na ncha ya mkia. Gamba linalobaki mkiani hubana damu na ncha ikafa. Siku inayofuata mpe panya, atakula kama aliyetoka kufunga.

Asiyekula bila sababu hiyo, mpime. Dume mkubwa anaweza kukataa wiki kadhaa akitafuta jike, na uzito ukashuka kidogo tu. Akipoteza asilimia 10 ya uzito wake, mwone daktari.

Kichanga wa nyoka anayekataa tangu kuanguliwa ni kesi nyingine. Kwao, watoto wa nyoka hawa hula mijusi na vyura wadogo wa mitini, kwa hiyo panya mwekundu humwona kama kitu kigeni. Anza kwa kumweka nyoka na kichanga wa panya ndani ya chombo cha lita moja chenye matundu, kwenye giza na joto, usiku kucha. Ikishindikana, baada ya siku tano mwoshe panya kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, umpanguse, ujaribu tena. Safari ya tatu toboa kichwa cha panya ubongo uchomoze kidogo. Haipendezi, lakini harufu hiyo huwaamsha wengi. Mjusi wa ukutani usimpe ale, ana vimelea vyake. Aliyekufa na kugandishwa mwezi mzima unaweza kumsugulia panya apate harufu. Kumlisha kwa nguvu mwachie daktari.

Swali: *Familia yetu haitaki panya kwenye friza. Nimpe nyama ya ng'ombe, omena au mayai ya kware?* — Asiyependa Panya, South B

Jibu: Friza ndogo ya pembeni inaweza kuwapatanisha; nyama haiwezi. Nyoka hupata kalisi kwenye mifupa ya windo na vitamini A kwenye ini lake, na mnofu wa ng'ombe hauna mifupa wala ini. Samaki wabichi wengine wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Yai la kware mara moja kwa nadra kwa nyoka mkubwa halina madhara, ila si lishe. Nyoka wanaoishi kwa mayai wapo hapa Afrika, jamii ya Dasypeltis, lakini hawana undugu wa karibu na wako. Kama panya hawaingii kwenu kabisa, nyoka huyu si wenu.

Swali: *Nimuongezee unga wa kalisi?* — Juja

Jibu: Hapana. Panya mzima ana mifupa yake.

Swali: *Nina wawili kasha moja, wanapendana, hulala wamejikunja pamoja. Niwalishe pamoja?* — Githurai

Jibu: Wanagombea sehemu moja yenye joto, mapenzi hayo ni ya kwako. Ukiwalisha pamoja watashika panya mmoja ncha mbili, na mwenye mdomo mkubwa ataendelea kumeza hata akifika kwa mwenzake. Tena ukikuta matapishi hutajua ni ya nani. Kila mmoja na kasha lake.

Swali: *Fundi amekamata nyoka wa kahawia Ruai, mpole kabisa. Naweza kumfuga kwa ratiba ya nyoka wa mahindi?* — Kijana wa Mtaa

Jibu: Mwache, kijana, wala usimguse tena. Kwanza sheria: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kumkamata na kumweka mnyama wa porini bila kibali. Hata nyoka wa mahindi, ambaye ni wa kigeni, habari yake ianzie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, makao makuu yako Lang'ata Road: uliza kibali kabla hujalipa, na umdai muuzaji karatasi zake. Pili maisha yako: Kenya ina nyoka wadogo weusi au wa kahawia wa jamii ya Atractaspis, wanaoishi chini ya udongo, wapole kwa sura, wenye meno ya sumu yanayochomoza ubavuni mwa mdomo uliofungwa. Ukimshika nyuma ya kichwa, kama mafundi wanavyopenda kujionyesha, anakuchoma kidole vilevile. Ukitaka kuwaona nyoka wa hapa bila hatari, bustani ya nyoka iko pale Makumbusho ya Kitaifa.

Na aliyechoka na nyoka wake wa mahindi asimpeleke msitu wa Karura usiku. Kwenye kisiwa cha Grand Cayman nyoka hawa waliingia, wakazaana, na sasa ni wageni wasiotakiwa.

Swali: *Desemba tunaenda ushago wiki tatu. Nani atamlisha? Ana gramu 520.* — Msafiri, Umoja

Jibu: Hahitaji kulishwa. Mpe mlo wake wa kawaida siku saba kabla ya safari, ili tumbo liwe tupu mkiondoka hata stima zikipotea. Usimwongezee eti wa akiba. Anachohitaji ni mtu wa kuja kila siku tatu kubadilisha maji, kusoma kipimajoto na kuhakikisha kifuniko kimefungwa kwa kibanio pande zote mbili. Nyoka huyu husukuma kifuniko kwa pua usiku kucha mpaka apate mwanya. Mwachie mtu huyo funguo na namba ya daktari. Friza mfungie. Mkirudi, mpime, subiri siku mbili atulie, kisha mpe panya wa gramu 25.